Maman Emérence M'Birindwa na Jembe Tulilomnyang'anya

Padri, wazee, jirani zetu wa Cimpunda, pamoja nanyi mnaonong'ona tangu asubuhi kwamba mama huyu ameuawa na jembe, tegeni masikio, kwa maana familia imeandika yote na haifichi kitu.

Maman Emérence M'Birindwa alizaliwa Nyantende mnamo mwaka 1890, shule hakuikanyaga, ila alifundishwa katekisimu miaka minne hadi akabatizwa siku ya Pasaka ya 1914, na tarehe 9 Juni 1915 akafunga ndoa na marehemu Donatien, Mungu akawajalia watoto saba, na watatu kati yao wangali hai. Kazi yake ilikuwa shamba, akibeba maharagwe hadi soko la Bukavu, kamba ya kitunga kwenye paji la uso, na wanaume waliojaribu kuinua mzigo wake kwa mzaha waliacha mzaha.

Baba Donatien alipofariki tarehe 3 Machi 1954, mwana wao mkubwa Télesphore, karani, alimleta mama hapa Cimpunda, na kwa kuwa kwetu mtoto aliyefaulu hamwachi mama yake ainame shambani, alimnyang'anya jembe, akamketisha kwenye kiti cha mito, akamkataza hata kuteka maji. Ilikuwa heshima, sote tulimpongeza, na sote tulikosea.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye alikaa karibu miaka miwili mikono mitupu, hata asiweze tena kukamua nguo wala kuinua sufuria ya bugali, na kadiri nguvu zilivyomtoka ndivyo furaha ilivyomtoka, akaacha misa, akaacha kula, akageukia ukuta, wajukuu wakimwita asiitike. Tulisema karogwa. Infirmier Floribert, muuguzi wetu, alimwambia mama amfinye yeye vidole kwa nguvu zake zote, naye Floribert hakuhisi kitu, akakataa kupiga sindano tuliyoidai kwa kelele, akaeleza kwamba mikono imelala na moyo umeifuata, aanze kazi kidogo kidogo. Tulimtukana. Mama peke yake ndiye aliyemwelewa, akamwambia mwanawe: «Murudishe jembe yangu, kisha mutaniambia kama niko mugonjwa.»

Télesphore alikataa, akiogopa makarani wenzake wangemcheka, basi Jumatatu tarehe 6 Februari 1956 mama alitoka kwa miguu hadi shamba lake la Nyantende, akiketi kila kona, akaazima jembe, akalima mstari mmoja tu, akalia kwa hasira, akalala huko, kesho yake akalima miwili. Mwanawe alimrudisha nyumbani mara mbili, mara ya tatu akamkuta anaimba, akaenda kumnunulia jembe jipya. Mwaka uliofuata mama alikamua blanketi pamoja na mkamwana wake Adèle, na aliyeomba huruma ni Adèle.

Homa ya mapafu ilimshika tarehe 5 Oktoba mwaka huu wa 1958, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 14. Jembe halikumuua, tulianza kumuua sisi kwa kiti, nalo likamrudishia zaidi ya miaka miwili ya kucheka, na anayetaka kumcheka Télesphore amcheke hapa hapa mbele ya jeneza.

Tunawashukuru madaktari na masista, jirani mliokesha nasi, makarani mliobeba jeneza, na wewe Floribert, ambaye tunakuomba msamaha.

Mama, hukuvumilia kuambiwa uketi, na leo hakuna anayekulazimisha. Maharagwe uliyopanda Septemba Télesphore atayavuna mwenyewe, kwa mikono yake, mchana, watu wakimwona. Pumzika kwa amani.