Mama Anapiga Pasi, Benchi Linahukumu

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi saa lina mguu mmoja uliofungwa waya, na waliolizoea wanajua kuegemea upande usioanguka. Asubuhi ile lilikuwa limegeuka mahakama. Mshtakiwa ni binti wa fundi mwenyewe, mwanafunzi wa filamu, habari na utamaduni wa kisasa, ambaye kwenye midahalo ya chuo walimpachika jina la Pingamizi. Kesho ndiyo mwisho wa kuhama kozi. Baba mtu anataka ahamie uhasibu, na kwa kuwa nyumbani alishindwa hoja, ameileta kesi kijiweni apate watu wa kumsaidia kushindwa.

Wa kwanza kusema alikuwa Katiba, karani mstaafu, mtu asiyeomba hata sukari bila kutaja haki zake.

— Binti yangu, filamu zinatazamwa, hazisomwi. Mimi natazama tangu utoto, mbona sijapewa shahada?

— Mzee wangu, chakula nacho unakula tangu utoto. Mbona hujawa mpishi?

Benchi likacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamia saa, kioo cha kukuzia kimebana jichoni.

— Msimcheke, alisema Daktari, muuza miwani ambaye hajatibu hata kuku. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo mgeni ni nani?

— Uhasibu.

Damu ikamchemka Pingamizi. Watu ambao hawajui hata mlango wa darasa lake uko upande gani, ndio wamekaa kulihukumu! Akatoa simu, akaisimamisha kati ya vikombe.

— Tazameni kwanza. Hii ndiyo kazi yangu ya muhula.

Ilikuwa filamu fupi. Mama yake, chumba cha uani, anapiga pasi mashati ya watu. Mvuke unapanda, mkono unakwenda na kurudi, midomo inachezacheza. Sauti hakuna.

— Simu imekufa spika?

— Sauti nimeitoa makusudi. Kazi ya mama haisikiki, ndiyo hoja yangu.

— Aaa, nimeelewa! Katiba akapiga paja. Pasi ni serikali. Shati ni mwananchi, ananyooshwa.

— Wapi! alisema Daktari. Huyo ni mjane.

— Mjane vipi na mume niko hapa? fundi akafoka.

— Kwenye filamu, fundi, ulishakufa. Tazama vizuri, hata kivuli chako hakimo.

Fundi akarudi kwenye saa yake, lakini bisibisi haikugeuka.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Katiba akaendelea. Ndiyo maana anazipiga pasi, aue wadudu.

— Na hiyo midomo? Daktari akadakia. Anawasema wenye mashati, mmoja mmoja, kwa majina. Huko waliko masikio yanawawasha. Mimi tangu juzi sikio hili halilali!

— Umewahi kumpelekea shati?

— Sijawahi. Ndiyo hatari yenyewe.

— Mnaona? alisema baba. Hamjui hata inasema nini. Kwenye uhasibu, mbili na mbili hazibishaniwi.

Pingamizi akasimama, kama anavyosimama ukumbini.

— Baba, mama anapita hapa na mafurushi miaka yote. Nani kati yenu aliwahi kumbishania? Nimemweka kwenye kioo kidogo hiki cha simu, mmebishana hadi kahawa imewapoea mikononi. Somo langu ni hilo.

Akangoja makofi.

Nyuma ya benchi kulikuwa na mama mmoja, mteja mgeni, amekumbatia saa ya ukutani akingoja zamu. Alikuwa anachungulia juu ya bega la Katiba.

— Samahanini, alisema. Anaimba wimbo gani?

Wote wakainamia simu. Midomo ilikuwa inakwenda na pasi, inatulia shati likigeuzwa, inaanza tena. Kisha benchi zima likamgeukia mume.

Fundi akaondoa kioo jichoni.

— Anaimba... huwa anaimba. Hata kabla hatujaoana alikuwa... Akamtazama bintiye. Wewe si ulikuwepo?

Alikuwepo. Alisimama karibu kiasi cha kuguswa na mvuke, akihangaika na mwanga wa dirisha, huku hoja imeshapangwa kichwani. Sauti aliifuta kabla hajaisikiliza hata mara moja.

— Sijui, baba.

Daktari alijitia kufuta miwani.

— Huko chuoni, fundi aliuliza taratibu, mtu anaruhusiwa kurudia kazi?

— Anaruhusiwa.

— Basi karudie. Na sauti uiache.

— Na kuhama kozi?

— Ukihama, hii ataimaliza nani?

Akafunika saa zilizokuwa wazi, akamwomba mteja amsubiri, akatafuta kufuli.

— Ngoja nifunge, twende wote nyumbani.

— Fundi! Katiba aliita walipokuwa wanavuka barabara. Mkiujua huo wimbo, mtuambie!

— Nendeni mkasikilize makwenu.