Shamba la Kaka Juu ya Chemchemi

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na safari. Nikinyamaza katikati, mnivumilie.

Mimi nalima karafuu na mdalasini huko Uluguru. Kikundi chetu kilikubali masharti ya mnunuzi mmoja wa viungo: yeye atupe bei nzuri, sisi tusifyeke msitu wa asili kufungua shamba jipya. Serikali haikutulazimisha, tulinyoosha mikono wenyewe. Kila msimu mwenzetu mmoja anapita kukagua. Anayekutwa amekata miti anatolewa kikundini, karafuu yake haichukuliwi. Ukimficha ikagundulika, kikundi kizima kinanyang'anywa cheti cha kumuuzia mnunuzi huyo.

Msimu mmoja nikachaguliwa mimi. Nikapanda hadi shamba la kaka yangu, tumbo moja. Juu ya chemchemi tuliyokuwa tukichota maji wote, miti ilikuwa imelala chini na tangawizi imeshachipua.

"Dada, we sema umeona mdalasini tu," akaniambia. "Au unataka wanangu wale majani ya msituni?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilishuka mlima ule hadi kwenye kikao cha kikundi. Nikasema nilichokiona. Kaka akatolewa.

Mama akaniita. "Umemnyima mwanangu chakula. Kwangu usikanyage." Sisi Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, mama akikufungia mlango, huna kwenu. Mume wangu alipofariki, hakutokea hata mmoja wa ukoo wangu. Kaburi lilichimbwa na wanakikundi. Baadaye mama naye akafa, hajanisemesha. Nilikaa kwenye msiba wa mama yangu kama mpita njia.

Samahani. Naendelea.

Masika yaliyofuata, mteremko ule uliofyekwa ukaporomoka, ukaondoka na tangawizi yote na kuifukia chemchemi. Mpaka leo tunachota maji ng'ambo ya bonde.

Kaka akaja mlangoni kwangu, tope hadi magotini. "Dada, nirudishe kikundini. Sina kitu."

"Mimi siwezi kukurudisha," nikamwambia. "Masharti yanataka miti ioteshwe kwanza pale ulipokata. Lakini kesho nakuja na jembe."

Akakaa chini akalia. Nami nikalia.

Tukapanda, wanakikundi wakatusaidia. Miche mingi ikafa, tukarudia. Msimu uliopita alipita mkaguzi mwingine, na karafuu ya kaka ikapokelewa. Chemchemi haijarudi.

Nawashukuru walionizikia mume. Namshukuru wifi yangu, mke wa kaka, aliyenisalimia njiani wakati wengine wananipita kimya.

Mnaofikiria masharti haya, ingieni. Msitu uliobaki kule juu umesimama kwa sababu yake. Ila mkaguzi mtakayemchagua naye ana ndugu. Msimwachie mzigo peke yake. Na mtakayemtoa, mwonyesheni siku hiyohiyo njia ya kurudi, na mwende naye shambani. Kaka yangu tulimtoa tu, tukaondoka. Tungeshika majembe siku ile, sijui kama udongo ungesimama. Lakini mama angekufa tukiwa tunasemezana.