Kioo cha Kanisa na Benchi la Mzee Kivuva

Baada ya miaka thelathini na sita katika karakana ya chuo chetu hapa Matiliku, Mzee Kivuva Musyimi anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Wangejua, wangempa mtu mwingine.

Alianza mwaka 1989, enzi za TV nzito zenye mgongo, zilizobebwa na wanaume wawili huku wakigombana mlangoni. Umeme ulibaki ndani hata baada ya kuchomoa waya, kwa hivyo mafundi wa rika lake walifanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, usije umeme ukapitia moyoni. Tulimcheka sana kwa hilo. Wanafunzi walimwiga hata wakichota maji.

Mwaka 2002, wakati wa Kombe la Dunia, aliitwa hoteli moja ya Mtito Andei. Madereva wa malori walikuwa wamefura, picha imepotea mechi ikiendelea. Mzee akafungua mgongo wa TV, akatoa mjusi aliyekaukia ndani, picha ikarudi. Alilishwa ugali na matumbo hadi akaomba msamaha.

TV nyembamba zilipofika, wengi tulidhani ameisha. Wapi! Alitafuta mbovu, akazifungua moja baada ya nyingine mpaka akazielewa. Kisha akaandika ukutani kwa chaki: kioo hiki hubebwa na watu wawili, mikono minne.

Sasa nifike pale ninapoona haya kufika. Desemba 2021, kanisa anakosali Mzee lilileta TV yake kubwa, taa za ndani zimekufa. Mzee aliifungua vizuri, akaenda kula. Mimi, Mbithi, nikataka kuwaonyesha wenzangu watakaporudi kwamba kazi hiyo naimaliza peke yangu. Niliinua kile kioo kwa kona moja. Kilipasuka kwa sauti ndogo tu, kama biskuti. Nikakirudisha kwenye benchi lake, nikatoka kunawa mikono.

Shemasi Wayua alipokuja kuchukua TV, kila mtu alikuwa na jibu tayari: ni mzee na ule mkono wake wa mfukoni. Mzee aliuliza mara moja tu ni nani aliyekigusa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikatazama viatu vyangu.

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, nami nikapewa benchi lake. Miaka mitatu na nusu amekuwa akinitolea bisibisi dirishani na kuniuliza ni TV gani imenishinda. Sauti ipo na picha hakuna? Mulika skrini na tochi, aliniambia. Ukiona picha kwa mbali, ni taa za nyuma ya skrini zimekufa. Nilifanya hivyo, nikasifiwa, nikapokea sifa. Aibu gani hii, jamani!

Mficha maradhi kifo humuumbua. Juzi nilikwenda stoo nikamweleza yote. Alisema alijua tangu siku ile, kwa sababu niliacha kula chakula cha mchana naye. Hakutaka benchi. Kilichomuuma ni kwamba kanisani hawajamwachia tena hata spika aziguse, wanaita fundi kutoka Kasikeu, na yeye siku hizi huketi nyuma kabisa. Aliniomba kitu kimoja tu: Wayua ajue kabla yeye Mzee hajastaafu.

Mzee Kivuva, asante kwa kila fundi uliyemfunza, hata huyu mwoga. Chuo kizima kinakuombea afya, mvua shambani na usingizi mtamu.

Na wewe Shemasi Wayua, najua umealikwa, na karatasi hii iko mikononi mwako. Kioo cha kanisa nilikivunja mimi. Nimeketi safu ya tatu, shati la bluu. Ukimaliza kusoma, tafadhali nenda ukamsalimie Mzee kwanza.