Kinyozi Aliyenyoa Maua ya Nyanya

Kitendawili! Nawasikia mmeitika huko mliko. Haya: ana baba ndani, ana mama ndani, na bado hazai mpaka atikiswe. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Asanteni, nimeupokea, una watu wakarimu. Jibu ni ua la nyanya. Ua moja la nyanya lina upande wa kiume na upande wa kike, wote chumba kimoja. Lakini unga wake wa uzazi umefungiwa kama chumvi ndani ya kichupa. Pasipo upepo wala nyuki wa kulitikisa, ua hukauka likaanguka, na wewe mwenye bustani ukabaki kumlaumu aliyekuuzia mbegu.

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili hicho si changu. Nilitegewa na mtu tunayemkumbuka leo. Ni yule mliyezoea kumwita Kinyozi wa Nyanya. Amefariki Jumanne, hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu. Kinyozi wa Nyanya hatunaye tena.

Hapa studio nimeketi na watu wawili. Kulia kwangu yuko mjane wake. Kushoto yuko mdogo wake, kinyozi naye. Ndugu hao walinyoa duka moja, viti viwili, kioo kimoja. Mdogo mtu ameniomba nisimulie mimi kwanza, maana ulimi wake ni mzito. Alinieleza yote asubuhi, ameinamia kikombe mpaka chai ikapoa.

Marehemu aliishi juu ya duka lake. Nyanya zake alizipanda kibarazani, kwenye ndoo za rangi alizozitoboa chini. Kibaraza chenyewe alikuwa amekiziba kwa vioo, kwa sababu ya vumbi la barabara. Vumbi likabaki nje. Nyuki nao wakabaki nje. Msimu wa kwanza maua yalijaa, nyanya hata ya dawa hakuna.

"Nilimwambia, mume wangu, hizi si nyanya, umepanda mapambo ya harusi," mjane ananiambia, na hapa anacheka kidogo, jamani, anacheka huku anafuta macho.

Kisha siku moja marehemu alikuwa anajaribu mashine kuukuu ya kunyolea. Ilikuwa imetolewa makali, imebaki kunguruma tu. Ikagusa kikonyo cha ua. Akaona unga wa njano unadondoka kama poda. Tangu hapo, kila asubuhi maua yalipochanua, alipita na mashine yake, ndoo hadi ndoo. Nyanya zikashika. Wapita njia wakamwona kupitia vioo. Kinyozi ananyoa nyanya!

Na kila Jumamosi alinipigia simu hapa kutupa habari za nyanya. Mnakumbuka? "Bibi, waambie wasiiogope shingo ya mche. Mche mrefu uzike mpaka karibu na majani ya juu, shina lote litatoa mizizi." Au: "Bibi, nani kaweka nyanya kwenye friji? Amtoe mgonjwa huyo, ladha inakufa." Au kuhusu nyanya zinazooza matakoni: "Si uchawi huo, unamwagilia leo, unasahau wiki nzima. Nawe ungepewa maji hivyo ungeoza." Halafu alitusikilizisha ile mashine. Zzzz. Mlipenda.

Aliyekuwa hapendi ni mmoja, na yuko kushoto kwangu.

Kule dukani wateja walianza mzaha. Mmoja aliketi kwenye kiti cha mdogo mtu, akafungwa shuka shingoni, kisha akauliza, "Fundi, mashine hii ndiyo ile ya mboga?" Duka zima likaangua kicheko. Mwingine, bwana harusi mtarajiwa, alitoka na shuka ya watu shingoni, anasema hataki kuoa ananuka nyanya. Mdogo mtu alijua fika kuwa mashine ya nyanya ilikuwa nyingine, haina makali, haishuki dukani. Angesema neno moja tu. Hakusema. Alitamani ardhi impasukie. Alimwonea aibu kaka yake, kaka aliyemfundisha hata kushika kitana.

Jumamosi moja kaka alipanda juu kunipigia simu kama kawaida. Mdogo mtu akaingia chumba cha nyuma, panapowekwa taulo. Akaweka taulo kwenye simu, akapiga, akakaza sauti. Nikamweka hewani sambamba na kaka yake, nikidhani ni msikilizaji mwenye swali.

Maneno aliyoyasema mtayasikia punde. Kaka aliitambua sauti. Akauliza swali moja, la maneno machache. Simu ya pili ikakatwa. Swali likabaki linaning'inia hewani, mbele yenu nyote.

Baada ya siku ile Kinyozi wa Nyanya hakunipigia tena. Nilimtafuta, akaniambia, "Kazi zimenizidi, Bibi." Dukani hakuuliza kitu. Waliendelea kunyoa bega kwa bega, wanapeana brashi, wanapeana poda. Kipindi hiki kikianza, kaka alinyoosha mkono akahamisha redio kwenye muziki.

Mjane anasema, "Alishona mapazia ya kibarazani. Mashine akaishusha dukani, akaifungia kwenye droo. Akawa anayatikisa maua kwa kidole, pazia limefungwa, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe."

Alipolazwa, mdogo mtu ndiye aliyekwenda kumnyoa ndevu. Alimpaka povu taratibu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakarudi. Kaka alimwambia tu, "Upande wa kushoto umebakiza." Kweli alikuwa amebakiza. Akamalizia, akaufuta wembe, akaaga. Hakumwona tena akiwa hai.

Baada ya maziko alipanda kwa shemeji yake. Alikuwa ameificha ile mashine isiyo na makali ndani ya shati.

"Shemeji, umeficha nini kifuani? Umeniibia sahani?"

Akaitoa. Hata siku hiyo, wasikilizaji, bado alikuwa anaona aibu kuonekana nayo ngazini. Ananiambia hiyo ndiyo inayomuuma zaidi. Kaka yake yuko kaburini, na yeye bado anawaogopa wapita njia. Maua mengi yalikwisha kuanguka. Shemeji akafungua pazia moja, kisha la pili. Chini barabarani mtu akapiga mluzi, na mdogo mtu akainamisha uso, lakini akaiwasha mashine.

Kwako mama mjane, na kwa watoto, na kwa wote walioketi kwenye viti vile viwili, tunawapa pole za dhati. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkiwa kwenye ndoo na vitalu vyenu, hebu mkumbukeni mtu mliyemcheka kwa sababu tu wengine walikuwa wanacheka. Kama yu hai, nendeni kwake kabla jua halijatua.

Mdogo mtu ameniomba jambo moja. Alimtia kaka yake aibu hewani, anataka kusema naye hewani. Fundi mitambo ametafuta sauti ya siku ile. Baba, sogeza kiti. Karibia kipaza sauti. Shemeji yako amekushika mkono. Fundi, weka.

"Bibi, huyo mzee anyoe watu, aache kunyoa mboga! Muulize, nyanya zake zinaota upara? Mpelekeni akapimwe akili, anatuaibisha!"

Hapo, mnasikia, mashine ya marehemu inazimika. Kisha yeye, kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu, ni wewe?"

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."