Kamera ya Barnabé

Gari lilipotoka Lodwar kwenda Kakuma, Mama Atiir alikatiza sala yake asikilize abiria wawili wa mbele.

"Kompyuta yangu ya Linux haioni kamera hii ya zamani," Barnabé alilalamika. "Picha za mwisho za marehemu mama ziko humu. Kadi yake ya kumbukumbu imeharibika, kesho naifomati."

"Uzifute zote? Unamzika mara ya pili, kaka!" Benita alisema. "Ukichomeka waya, kamera unaiwasha?"

"Naizima. Natunza betri."

"Sasa kompyuta ione nini? Iwashe kwanza!"

"Dada, mimi nimesomea kompyuta."

Mama Atiir, mjane aliyeishia darasa la tano, alimwomba Mungu ampe msomi huyo masikio.

Walipofika Kakuma, Barnabé alishuka akiwa bado anabisha, lakini kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kuwasha.