Siku Ambayo Mzee Kikohozi Hakukohoa

Marehemu baba yetu, mliyemzoea redioni kwa jina la Mzee Kikohozi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuza mboga. Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Alisoma kwa sauti kubwa hadi wapita njia wakasimama dirishani, na mwalimu akamwita Kasuku. Sekondari alimaliza mwaka 1970.

Mwaka 1973 aliajiriwa na redio ya taifa kuwa msomaji wa taarifa ya habari. Redio iliishi kwa ruzuku ya serikali, na habari nyingine zilishuka kutoka wizarani zikiwa zimeshapikwa. Baba hakuweza kuzikataa, ila kabla ya kuzisoma alikohoa kidogo. Basi majumbani watu walisema, "Haya, Mzee kakohoa, hiyo siyo," wakaendelea na chakula chao.

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, muuguzi wa zahanati ya Mtaa wa Chini. Siku ya posa mama alimwonya, "Nikikuuliza ulikuwa wapi, usinikoholee."

Mwaka 1994 mwandishi wa redio alitangaza kwamba maji ya bomba ya Mtaa wa Chini yameingiwa na uchafu. Ruzuku ikazuiwa, miezi mitatu hakuna mshahara. Mkurugenzi akamwita Baba.

"Mzee, mkono mtupu haulambwi. Leo soma kwamba maji ni salama. Na tafadhali, usikohoe. Watu sitini humu wana watoto."

Baba naye alikuwa na watatu. Tarehe 23 Agosti, saa saba mchana, alisoma na hakukohoa.

Wiki haikuisha, zahanati ikafurika. Mwanamke mmoja, mwanawe mgongoni, alimwambia mama yetu, "Nilisikiliza vizuri, dada. Mzee hakukohoa, nikaacha kuchemsha." Watoto wawili walifariki. Mama alirudi nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Baba watoto, mbona hukukohoa?"

Kesho yake Baba aliomba asome masahihisho. Mkurugenzi akang'aka, "Ruzuku imetoka juzi, unataka irudi ilikotoka?" Baba akaiacha studio, akahamia maktaba ya redio ya kanda za sauti hadi alipostaafu mwaka 2006. Kila Agosti aliandika barua ileile ya masahihisho. Wakurugenzi wanne walikuja wakaondoka, hakuna aliyeruhusu isomwe hewani. Ilimtafuna, jamani, nasi tuliona.

Mwaka 2021 alipata ugonjwa wa mapafu. Alikohoa mchana kutwa, akatutania, "Sasa nakohoa bure, wala hakuna taarifa." Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 2023, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na barua aliyoagiza isomwe hapa, mbele ya majirani wa Mtaa wa Chini:

"Taarifa niliyosoma tarehe 23 Agosti 1994 haikuwa ya kweli. Maji hayakuwa salama, nami nilijua. Nisameheni."

Tumeisoma, Baba, bila kukohoa. Sasa pumzika kwa amani.