Bosi Hashuki

Usinigunie. Sijafika popote na wewe umeshakunja pua kama mtu aliyenusa soksi. Ukitaka kubisha, kabishane na ukuta. Mimi nilikuwepo, kwa miguu yangu hii inayouma, na nilichokiona nakisema kilivyokuwa.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya chumba changu cha kushonea. Nimeshona hapo miaka thelathini na moja, ndiyo maana wananiita Bibi Sindano, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya ulimi. Wanaoshinda hapo ni watatu. Breki aliendesha malori mpaka macho yakamgomea. Mkaguzi alikuwa akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba; siku hizi hana mita, anasoma watu. Redio ni kinyozi wa mlango wa pili, na jina lake halihitaji maelezo. Kahawa natoa mimi. Siku hiyo wao wamekaa, mimi nimesimama mlangoni, na saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika kumi. Mjukuu wangu alitakiwa awe amerudi tangu saa tisa na nusu.

Mjukuu wangu ana miaka tisa na ana usonji. Haongei kwa mdomo. Anaongea kwa kukuvuta kidole, kwa kukusukuma, kwa kukurudishia kitu usichokiweka mahali pake. Kijiweni wanamwita Bosi. Akimkuta mtu amekalia ncha ya kushoto ya benchi anamsukuma mpaka ahame, na hao wazee wote watatu huhama bila ubishi. Basi likizo ndefu hii, shule zimefungwa, ikafunguliwa kwenye uwanja wa shule kambi ya mchana ya watoto kama yeye: asubuhi basi dogo linawachukua, alasiri linawarudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza. Mama yake, binti yangu, anafua mashuka hospitali, na simu zao hubaki kwa mlinzi mpaka zamu iishe. Ndiye aliyejaza fomu. Mimi kambi yenyewe sikuitaka, nikakataa namba yangu kuandikwa humo. Nilimwambia, akipotea mtajuana wenyewe.

— Dakika arobaini na moja sasa, akasema Mkaguzi.

— Nani kakuuliza?

— Nasoma saa tu, Bibi.

— Isome kimyakimya.

Breki akanyoosha miguu. Akianza kunyoosha miguu ujue anataka kufundisha.

— Basi dogo likichelewa hivi, mambo ni matatu. Pancha, mafuta, au dereva ana mke wa pili njiani.

— Pancha dakika ishirini, akadakia Redio. Mafuta dakika kumi. Mke wa pili ndiye hana ratiba.

— Kuna mtoto ndani ya hilo basi, nikasema. Mtacheka akishashuka.

Wakarudi kwenye vikombe vyao. Kimya cha Redio hakidumu hata kahawa ikapoa.

— Bibi, usikasirike, lakini kuna mteja wangu, nilikuwa nimeshamnyoa nusu kichwa, akaniambia habari za kambi hizi. Anasema wanawatafuta watoto wenye vipaji vya kupanga. Sasa Bosi si anakupangia vifungo vyako kwa rangi na kwa matundu? Ndio hao hao. Wanampeleka kiwandani.

— Kiwanda gani?

— Cha vifungo.

— Mtu aliyenyolewa nusu atakwambia lolote ili ummalizie, akasema Mkaguzi.

— Kiwanda hapana, akasema Breki. Kiwanda kina geti, kina mlinzi, kina makelele, wangejulikana. Hao wanapanda ndege. Kutoka uwanja wa shule mpaka uwanja wa ndege ni gia ya nne moja kwa moja.

— Na pasipoti?

— Za watoto hazina haja. Anakaa mapajani.

— Ana miaka tisa, Breki!

— Mapaja makubwa yapo.

Nikawaacha waropoke. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu. Mtoto anayejua kutaja jina lake akishushwa kona isiyo yake, atalia, atasema mimi wa fulani, atarudishwa. Wangu hatasema. Atasimama pale pale alipowekwa, mikono masikioni, na watu watampita wakidhani anacheza. Nikapiga simu ya binti yangu. Ikaita mpaka ikachoka, kwenye droo ya mlinzi. Nikapiga tena, kana kwamba droo ingeona aibu ikapokea.

Mkaguzi akatoa kidaftari chake cha enzi za mita.

— Lakini kuna basi dogo jeupe, akasema. Saa tisa na dakika thelathini na mbili limekuja, limepunguza mwendo, limekwenda. Saa tisa na hamsini limerudi, limepunguza mwendo, limekwenda.

— Limepita hapa? Mara mbili? Na umekaa nalo moyoni muda wote huu?

— Halikusimama, Bibi. Mimi naandika, sitafsiri.

Mara zote mbili nilikuwa ndani nachemsha kahawa. Kahawa yao.

— Basi hao ndio wenyewe! Redio akasimama na kitana mkononi. Mara ya kwanza wamekuja kutuhesabu. Mara ya pili wamekuja kuangalia kama tuna nguvu.

— Wakikupima wewe nguvu watashuka wakupe pole, akasema Breki. Hapana, sikilizeni. Dereva anayepunguza gia mara mbili asisimame, huyo ana amri. Anapewa kwa simu. Kutoka juu.

— Juu wapi?

— Juu. Juu ni juu.

— Nendeni mkalitafute hilo basi, nikawaambia. Badala ya kukaa hapa mnakunywa na kutunga.

Breki akasema macho yake. Mkaguzi akasema goti lake. Redio akasema ana mtu ndani na sabuni kidevuni. Na kweli, yule mtu alikuwa amechungulia mara tatu, sabuni imeshakauka.

Ndipo akatokea binti mmoja wa fulana ya njano, anakuja mbio kutoka barabara ya chini, jasho limemlowesha mgongo. Akasimama mbele yetu.

— Shikamooni. Samahani, natafuta benchi la Bibi Sindano.

Wanaume watatu wamelikalia, nao wakageuka kunitazama mimi.

— Bibi Sindano ni mimi, nikasema. Mtoto yuko wapi?

— Yuko kwenye basi, mzima kabisa. Tumeegesha hapo chini. Hataki kushuka, Bibi. Tumepiga simu ya mama yake haipokelewi, na kwenye fomu hakuna namba nyingine.

Hilo la fomu nililimeza bila maji.

Akatoa picha, imefunikwa kwa plastiki. Alikuja kuipiga mwenyewe wiki iliyopita, na leo hata yeye kona ilikuwa imempotea. Kumbe kambini kila mtoto amepewa picha ya mahali pake pa kushukia, na siku nzima wamefundishwa hivyo: nje pakifanana na picha yako, shuka, pasipofanana, kaa, funga mkanda. Wengine walikuwa wakijisahau. Wangu alishika somo kuwashinda wote. Mara zote mbili alisimama, akaangalia picha, akaangalia nje, akarudi kukaa, akafunga mkanda.

— Kwani hapa si hapa? akauliza Breki.

Tukaitazama kona yetu. Mungu wangu. Asubuhi ile, nilipokwisha kufunga kamba za viatu vya mtoto, kugombana na mama yake na basi kuondoka naye, hawa wazee walifanya maandalizi ya kumpokea. Breki alisema basi linahitaji nafasi, wakaling'oa benchi chini ya dirisha langu, wakalipeleka ukutani kwa Redio. Mkaguzi akapanga matairi mawili ukingoni ili mtu asiegeshe, akayapaka chokaa. Redio akaning'iniza maputo manane dirishani. Mtoto mwenyewe puto likipasuka hulala chini ya kitanda.

— Tulitaka ajue anangojewa, akasema Redio. Mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti ndogo.

Na mimi niliyaona yote hayo, nikanyamaza, kwa sababu nilipendezwa. Usinitazame. Mtu anaruhusiwa kupendezwa.

Sasa ungewaona. Mwenye goti akabeba benchi. Mwenye macho mabovu akaviringisha matairi nyuma ya ukuta, na hakugonga kitu. Redio akataka kuyapasua maputo yaishe haraka.

— Likipasuka hata moja nakushona mdomo!

Akayafungua moja moja, akayaficha kwa yule wa sabuni, ayakumbatie. Binti wa njano akasimama katikati ya barabara na picha yake, anatupanga kama vikombe kabatini: benchi kushoto kidogo, Mkaguzi avue kofia, Breki katikati, ncha ya kushoto iachwe wazi. Kisha akapiga simu.

Basi likaja taratibu. Likasimama. Mlango ukafunguliwa, na Bosi akatokea kwenye ngazi, picha ameishika kwa mikono miwili chini ya kidevu. Akaiangalia. Akatuangalia. Wale watatu walikaa kama wamechorwa, Redio hata kupumua hapumui. Mguu mmoja ukatoka, ukabaki hewani.

Ukarudi.

Akaanza ule mguno wake wa chini, ule unaokuja kabla ya kilio. Nikapiga hatua, binti wa njano akanizuia kwa mkono.

— Bibi, akasema polepole. Siku ile napiga picha, wewe ulikuwa wapi?

Breki akaangalia viatu vyake. Walikuwepo wote, walisikia. Siku ile, huyu binti hajafika bado, nilisema mpigieni picha ukuta, mimi simo katika upuuzi wenu, nikaingia ndani nikabamiza mlango mpaka dirisha likalia. Na hivyo ndivyo picha ilivyo. Benchi, wazee watatu, mlango umefungwa. Bibi hayupo.

Mchana kutwa nilikuwa nimeuacha wazi, na kila nilipotoka kwenye kahawa nasimama katikati yake, ili nimwone akitokea.

Nilimtazama mara moja tu, pale kwenye ngazi, na viatu vyake nilivyomfunga mwenyewe. Kisha nikageuka, nikaondoka mbele yao, nikaingia, nikafunga mlango.